Kinyozi wa Triko

Mtu akisimama mbele ya meza yake, Maman Kinyozi hakuanza na uso. Alianza na kwapa, akaja kwenye viwiko, akashuka ubavuni, akapanda mabegani. Uso aliuacha mwisho, na mara nyingi hakuufikia. Nilimjua kwa miaka kumi na tatu, nimehesabu mara mbili, na miaka hiyo yote aliniita Kiwiko cha Kushoto, kwa sababu nikipatana bei naegemea rundo la nguo kwa mkono huo. Jina langu alilijua. Aliona tu halina kazi.

Alikuwa kinyozi wa triko, yaani sweta. Bukavu kuna baridi ya asubuhi inayopanda kutoka ziwani, kuna mvua isiyojua kalenda, na mwenye akili ana triko mbili: moja ya kuvaa, moja ya kukauka. Triko ikivaliwa sana, pale inaposuguana na kitu nyuzi zinatoka, zinajiviringa, zinakuwa vidonge vidogo kama mbegu za lengalenga, mchicha wa kwetu. Sisi tunaviita vipele. Kazi ya Maman Kinyozi ilikuwa kuviondoa, chini ya ngazi za fundi cherehani mmoja, soko la Kadutu, hatua arobaini na moja kutoka pale ninapouza triko za balo, za mitumba. Kurudi ni arobaini na tatu, kwa sababu kuna mtelemko.

Ningeweza kumwacha apite bila kumwandika, kama tunavyowaacha wengi. Lakini mwaka huu alishika uhai wa mdogo wangu, na aliushika kwa vidole viwili, namna alivyoshika wembe. Nilitaje hilo mapema. Mdogo wangu ni santineli, mlinzi wa depo moja, ghala la bidhaa kule Nguba. Santineli wa kwetu analinda kwa filimbi na fimbo. Ila katika miezi ile mji ulipoyumba, mwenye depo alimpa bunduki ya zamani. Akaibeba begani miezi miwili, kisha asubuhi moja akaitupa ziwani. Sasa watu wa usalama wakatangaza kwamba Jumamosi santineli wote wa avenue hiyo ya Nguba watajipanga katika kiwanja cha depo, kila mmoja na triko yake ya kazi, rangi ya bordo, nyekundu iliyokolea, na kila bega litaangaliwa. Atakayeonekana alibeba, aonyeshe bunduki iko wapi. Ya mdogo wangu ilikuwa chini ya maji. Na triko yake ilikuwa na njia ya vipele iliyopita juu ya bega la kuume, ikashuka mgongoni hadi kiunoni, upana wa vidole viwili.

Katika mji mzima, mtu mmoja tu angeweza kuisoma njia hiyo kama barua. Ndiye huyohuyo angeweza kuifuta. Na hatukuwa tukisemeshana.

Vyombo vyake vilikuwa vinne. Ubao mmoja uliopakwa sabuni mpaka ukawa laini kama shavu. Nusu ya wembe iliyobanwa katika kijiti cha mwanzi. Soksi moja ya kulia, kwa maana ya kushoto aliivaa. Na jiwe la volkano kutoka Goma, jeusi, lenye matundu, lile ambalo watu wengine wanasugulia visigino. Wembe ulikuwa wa nguo nyembamba. Kwa sufu nzito alitumia jiwe: anaivuta triko juu ya ubao, analipitisha jiwe toka juu kwenda chini, kwa upande mmoja tu, taratibu, na vipele vinanasa katika matundu. Hakurudisha jiwe nyuma hata mara moja. Anainua, anarudi juu, anaanza tena. "Ukirudisha," alisema, "unapanda kile ulikuja kung'oa."

Alikuwa na usemi mwingi, na hakuwauliza watu kama wanataka kuusikia. Kuhusu sufu na nailoni alisema: "Sufu ya kweli inaacha kipele kianguke. Nailoni inakishika kama jirani anashika chuki." Kuhusu vipele vyenyewe: "Ni pale mutu anasuguana na dunia." Kuhusu mimi na bidhaa zangu: "Huyu anauza mabega ya batu banajulikana na Mungu tu."

Nyoya alizonyoa hakuzitupa. Alizitenga kwa rangi katika mifuko, na mwisho wa mwaka akazishindilia katika mito ya watoto wachanga. Nadhani nusu ya watoto wa Kadutu wamelalia makwapa ya watu wasiowajua, na wamekua vizuri.

Lakini kunyoa kulikuwa nusu ya mambo. Nusu nyingine ilikuwa kusoma. Ukimpa triko, kabla hajaigusa na jiwe, alikwambia mwenye triko anaishi vipi. Vipele kwenye mkono wa kuume, chini ya kiwiko: huyu anaandika, meza yake ni fupi. Vipele tumboni, mstari wa kulala: anauza kwenye kaunta. Ubavuni kushoto tu: anabeba sakoshi ya begani, na sakoshi ina kitu. Kulikuwa na padri mmoja, marehemu sasa, aliyeleta kizibao chake cha kijivu. Maman Kinyozi akakigeuza, akasema mbele ya watu sita: "Padri, kiwiko ya kushoto imekwisha, ya kuume iko mupya. Unasikilizaka dhambi zetu na sikio moja." Padri alicheka mpaka akakaa chini. Jumapili iliyofuata alihamia upande wa pili wa kiti cha kitubio, hiyo niliiona mwenyewe.

Si wote waliocheka. Bibi mmoja wa sokoni alileta triko ya bluu ya bwana yake, inyolewe kwa ajili ya ndoa ya shemeji. Kifuani kushoto kulikuwa na vipele vyekundu. Vipele vya bluu vinatoka kwa triko ya bluu. Vyekundu vimetoka kwingine. Maman Kinyozi hakuinua hata macho.

— Bwana yako anabebaka mutoto mwenye kofia ya nyekundu.

— Sisi hatuna mutoto, yule bibi akasema.

— Ndiyo nasema.

Ndoa ya shemeji ilifanyika, ya kwao ikavunjika. Nilimuuliza Maman Kinyozi kwa nini hakunyamaza. Akasema: "Aliniletea karatasi imeandikwa. Miye nifanye sijui kusoma?" Lakini siku tatu hakuja sokoni, na alipokuja hakusoma triko ya mtu kwa wiki nzima. Ya pili, akaanza tena. Mdomo wake ulikuwa kama mfereji wa Kadutu: unaweza kuuziba, lakini subiri mvua.

Kwa hiyo utaelewa kwa nini tuligombana. Nilikuwa na mteja, mwalimu, tayari amekubali, ameshika triko ya kijani niliyomwambia haijavaliwa. Maman Kinyozi akapita na chai yake. Akatazama. "Ah, ile ya mutu wa kuendesha tingatinga," akasema. "Angalia makwapa. Anavuta vyuma miaka." Akaendelea na safari yake. Mwalimu akairudisha triko kama vile imemuuma. Nilimfuata hatua zote arobaini na moja nikimtukana kwa adabu, maana ni mtu mzima. Yeye akanijibu: "Sikukuharibia, nimekusomea." Tangu hapo kila mmoja akamwamkia mwenzake kupitia kwa fundi cherehani.

Na sasa nikiri kosa langu. Tangazo la Jumamosi lilipotoka, ilikuwa Jumanne. Mdogo wangu alikuja na triko ndani ya mfuko, akakaa kitandani kwangu. Mtu wa kawaida angekwenda kwa Maman Kinyozi jioni ileile. Mimi nikafikiri: huyu mama hawezi kunyamaza. Nikimpelekea, kesho Kadutu nzima itajua bega la mdogo wangu lilibeba nini. Kumbe na kiburi kilikuwemo, sikikatai. Nikachukua wembe wangu wa ndevu, nikafunga mlango, nikanyoa njia ile peke yake, toka bega mpaka kiuno. Nilinyoa vizuri. Nilihesabu mapito: mia mbili na kumi.

Asubuhi, kwenye mwanga, tukamvalisha. Mdogo wangu akageuka. Triko yote ilikuwa na vipele vyake vya miaka mitatu, kifuani, mikononi, mgongoni, na katikati ikapita njia safi, inang'aa, kama barabara mpya katika shamba la majani. Jana ilikuwa alama. Leo ilikuwa alama, na mtu aliyejaribu kuificha.

— Yaya, mdogo wangu akasema, kama tunavyomwita mkubwa, umeiona?

Nikasema nimeiona. Akavua, akaikunja pole pole.

Alhamisi saa moja asubuhi nilikuwa mbele ya meza yake.

— Kiwiko cha Kushoto, akasema. Miezi nane.

— Saba, maman.

— Nane. Leta.

Akaitandaza. Mkono wake ukasimama.

— Nani alifanya hii?

— Miye.

— Na nini?

— Wembe ya ndevu.

— Umechora barabara, ata kipofu ataifuata. Iko ya nani?

— Ya mudogo. Anapigaka gitari mu korali ya kanisa, maman. Ni mukanda ya gitari.

Akaweka kidole chini ya mfupa wa bega la kuume, mahali ambapo mimi sikuwa nimepaona. Sufu ilikuwa imelala, imesagika, kipande kama kisanduku cha kiberiti.

— Gitari haina kitako, akasema kwa sauti ya chini.

Sikuwahi kumsikia akitumia sauti ya chini. Sikujua kama anayo.

— Unataka ngapi, maman? Sema bei, leo sipunguzi.

— Bei yangu leo ni moja: usinidanganye.

Mimi ni mtu wa kupatana, hata hapo nilipatana. Nikatoa nusu: nikasema alilinda depo katika siku mbaya. Akatikisa kichwa. Nikatoa robo tatu: nikasema kuna kitu alipewa. Akaanza kuikunja triko anirudishie. Nikatoa yote: miezi miwili, ziwa, Jumamosi.

Alisikiliza akiwa amefunga mikono juu ya triko yake mwenyewe. Niiseme hapa hiyo triko yake, maana ilinishangaza tangu siku ya kwanza. Ilikuwa nyeusi, na ilijaa vipele toka shingo mpaka pindo, vingine vikubwa kama njegere. Mtu wa kunyoa mji mzima hakujinyoa. Wateja walimtania: "Maman, kinyozi na nywele ndefu!" Aliwaacha waseme. Na wakitaka kusoma vile vipele wasingeweza, maana vilikuwa kila mahali sawasawa, kama karatasi iliyoandikwa juu ya maandishi. Alijua ya kila mtu. Yake hakuna aliyejua, na nina hakika hilo halikutokea kwa bahati.

— Tuchome? nikamuuliza.

— Halafu Jumamosi asimame na shati tupu, katikati ya bordo zote?

— Basi unyoe yote, iwe sawa.

— Miaka mitatu mu kazi, triko mupya? Batamuuliza alinyoa jana ju ya nini.

Halafu akachukua jiwe la volkano, akaliangalia pande zote mbili kana kwamba kuna upande mbaya, akalishusha juu ya ile njia safi na kulizungusha. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kitu ambacho kwa miaka kumi na tatu nilimwona akikikwepa kama dhambi.

— Tangu nianze hii kazi natoa bipele, akasema. Kupanda, sijapanda ata kimoja. Shika ubao.

Nikashika ubao siku mbili. Alifanya hivi: alisugua sufu mpaka ikatoa ukungu, akatoa mfuko wake wa nyoya za bordo, akachukua kidogo, akakiviringa kwa kidole chenye mate, akakiweka ndani ya ukungu, akakizungushia jiwe mpaka kishike. Kipele kimoja. Halafu cha pili. Nilihesabu mpaka mia tatu, nikaanza upya, nikaacha.

Lakini hakutosheka kufuta. Aliniambia, njia peke yake ikifutwa, kile kisanduku cha kiberiti kitabaki kinauliza swali. "Triko haiwezi kunyamaza," alisema. "Tuipatie kitu ingine ya kusema." Akaniuliza: santineli asiye na bunduki anafanya nini kutwa? Nikasema anafungua lango, anafunga lango. Akasema hapana, anaegemea. Kwa hiyo akapanda vipele juu ya bega lote la kuume na nyuma yake, vizito, namna mtu anayeegemea ukuta kwa bega moja. Akapanda ubavuni, mahali pa fimbo. Akapanda mstari tumboni, mahali mikono inapofungwa. Kidogo kidogo pale mezani akatokea mtu mwingine, mzembe, mtulivu, asiyebeba kitu kizito kuliko filimbi. Mdogo wangu anaamka saa kumi na nusu na hajawahi kuegemea kitu. Nilitaka kulisema hilo, nikalimeza.

Wakati wote huo watu walipita. Kila mmoja aliposimama, nilimngoja Maman Kinyozi afungue mdomo. Ijumaa mchana akaja yule bibi wa soko aliyevunjikiwa ndoa, akainama juu ya ubao.

— Maman Kinyozi, unafanya nini hapo? Unarudisha bipele?

Maman Kinyozi akanyanyua uso. Nikaona midomo yake inafunguka.

— Natumika, akasema, yaani yuko kazini.

Akafunga. Ndilo neno lake fupi kuliko yote niliyowahi kusikia kwake. Bibi akaenda zake, na mimi nikagundua kwamba nimeuma ulimi.

Jumamosi saa mbili asubuhi mdogo wangu alikuwa kwenye mstari Nguba, mimi nilikuwa Kadutu mbele ya meza, simu mkononi. Tulikubaliana atapiga ikiisha. Maman Kinyozi alikuwa ananyoa kofia ya mtoto, ananyoa mahali palepale pasipo na kitu. Saa tatu kasorobo akatokea mwanamke anakimbia, kitenge kinaanguka. Ni mke wa santineli mwingine wa ile avenue, mtu wa makamo ambaye sote tunamwita Papa Bidoni, kwa sababu kila asubuhi akitoka kazini anachota maji ziwani kwa bidoni ya manjano ya lita ishirini.

— Maman, banamutoa mu mustari! Banasema bega yake ni ya bunduki! Wewe unajua ile triko, wewe unainyoaka!

Maman Kinyozi aliijua, na mimi niliijua. Kwetu wanawake wanabeba mzigo mgongoni, kamba inapita kwenye paji la uso. Papa Bidoni ni mwanamume, akaona haya kuweka kamba kichwani kama mama yake, akaipitisha begani. Miaka minne ya bidoni, bega moja. Haya yake ndiyo iliyomchorea bunduki.

Maman Kinyozi akaweka kofia chini, akatafuta jiwe lake.

Sasa niseme nilichofanya, kwa kuwa simwandiki yeye peke yake. Nilimshika mkono. Nikamvuta pembeni, mbali na yule mwanamke, nikamwambia:

— Maman, ukienda batajua unasoma. Batakusomesha wote. Na mudogo yangu iko mu ule mustari. Usiende.

Akaangalia mkono wangu juu ya wake mpaka nikauondoa.

— Weye unajuaka kuhesabu, akasema. Wako ni ngapi?

— Mumoja.

— Na wa huyu maman?

Nilihesabu mara mbili. Hakuna mahali ungeweza kupunguza.

Tukapanda pikipiki moja, sisi watatu na dereva, kutelemka mpaka Nguba.

Lango la depo lilikuwa wazi. Santineli kumi na tisa walikuwa wamesimama, bordo tupu, na Papa Bidoni amekaa chini peke yake karibu na ukuta, mikono kichwani. Mdogo wangu alikuwa wa kumi na mbili. Chefu, mkubwa wa wale watu wa usalama, alikuwa kijana, msafi, mwenye adabu, na adabu yake ndiyo ilinitisha. Mtu anayepiga kelele unajua ataishia wapi.

— Maman, unatafuta nani? akauliza.

— Natafuta ile triko, akasema, na kumwonyesha Papa Bidoni kwa kidole. Natumikaka juu yake miaka mine. Haiko ya bunduki, papa. Iko ya maji.

Watu walicheka kidogo, kwa woga. Chefu hakucheka. Akasema aeleze. Naye akaeleza kama vile yuko chini ya ngazi zake: kwamba sufu kavu ikisuguliwa inatoa vipele, lakini sufu yenye maji ikisuguliwa haitoi, inashikana, inakuwa ngumu kama kofia. Akamvua Papa Bidoni triko, akageuza bega, akampa chefu apapase. "Hapo kuna kipele ata kimoja? Hakuna. Imekuwa ngozi. Ni bidoni inamwaga maji ku bega." Akaomba kamba iletwe. Ikaletwa toka langoni alipoitundika: mpira wa tairi, vidole vinne upana. Akailaza juu ya alama, ikakaa kama mtoto kitandani kwake. Chefu akavua mkanda wa bunduki wa mwenzake, akaulaza juu ya alama ileile. Vidole viwili. Ukaelea katikati kama uzi.

Akamrudishia Papa Bidoni triko. Mwanamke wake akaketi chini palepale na kufunika uso.

Nikadhani tumemaliza. Chefu akakunja ule mkanda mkononi.

— Kumbe maman anasoma, akasema. Basi atusomee na hawa wengine.

Akaanza na wa kwanza. Maman Kinyozi akapita mbele ya kila mtu, chefu nyuma yake. "Huyu anabeba mutoto kila siku, na ni mutoto muzito." "Huyu anakulaka ku meza ya mbao." "Huyu ameazima triko ya ndugu yake, mikono imepita." Wale santineli wakaanza kutabasamu, wakingojea zamu zao. Wa tisa. Wa kumi. Mimi nilisimama langoni nikihesabu. Wa kumi na moja.

Alifika kwa mdogo wangu. Hakunitazama. Akamzunguka pole pole, kama ndiyo kwanza anaiona ile triko.

— Huyu, akasema, na kufyonya. Huyu ni muvivu.

Mstari wote ukaangua kicheko. Mdogo wangu akatazama chini.

— Angalia hapa tumbo: anafungaka mikono. Hapa ubavu: fimbo inalala, haijapiga ata mbuzi. Haki, mwenye depo analisha ukuta.

— Na hapa? chefu akauliza.

Kidole chake kilikuwa juu ya bega la kuume, pale pale, na kilianza kushuka mgongoni kwa kuifuata njia ambayo haikuwepo tena. Kilishuka polepole sana. Nilitamani Maman Kinyozi asiwe amelala usiku wa Ijumaa, awe amerudia kila kipele.

— Hapo ni ukuta, chefu. Anaegemea na bega moja, kama mwanamuke anangoja bwana ya batu.

Walicheka tena, kisha wakaona chefu hacheki, wakaacha mmoja mmoja. Chefu akamwacha mdogo wangu, akaenda kwenye ukuta wa depo karibu na lango. Akautazama kwa juu. Akautazama kwa chini. Halafu, mbele yetu sote, akaegemeza bega lake la kuume, akafunga mikono tumboni, akakaa hivyo. Sijui muda gani. Mimi, kwa mara ya kwanza, sikuhesabu. Alipojitoa, aligeuza shingo kutazama bega la koti lake: lilikuwa limejaa chokaa, na nyuzi zimesimama, mwanzo wa vipele.

Akajipangusa.

— Endelea, maman, akasema. Wa kumi na tatu.

Alisoma mpaka wa kumi na tisa. Hakuna aliyetolewa tena.

Nje, kwenye barabara inayoelekea ziwani, Maman Kinyozi alikaa juu ya tofali la mtu, nikamletea maji kwenye kikombe cha duka, akayanywa, akamwaga tone la mwisho juu ya mikono yake. Mdogo wangu alikuja akapiga goti mbele yake. Maman Kinyozi akamtazama usoni. Moja kwa moja usoni, kwanza.

— Kweli weye ni muvivu? akamuuliza.

— Hapana, maman, nikajibu mimi. Huyu anatumika kupita sote.

— Basi aache, akasema, akisimama kwa kunishika begani. Ule kijana atarudi. Kesho, mwezi ujao, atapita hapa aangalie. Ile triko sasa inasema mutu anaegemea. Aanze leo.

Siku hizi kila nikitelemka Nguba napita mbele ya depo. Namwona mdogo wangu karibu na lango, bega la kuume kwenye chokaa, mikono imefungwa tumboni, jasho linamtoka, kwa maana ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kupewa.